Muulize Dereva: Gari, Miguu au Mtumbwi?

Barua zimekuwa nyingi tangu mvua zikatike. Kila mwaka ni hivyo: mahindi yakianza kukauka shambani na likizo ya Juni ikikaribia, watu wa Nyanda za Juu Kusini wanakumbuka kwamba wanaishi jirani na tembo. Nimechagua chache. Kwa wanaoifungua safu hii kwa mara ya kwanza, mimi ni dereva wa watalii mstaafu, makazi yangu ni Iringa, na siko kwenye kampuni yoyote tena. Nikisema kitu hakifai, hakuna atakayenikata mshahara.

Kamwene Mzee. Nafundisha jiografia hapa Mafinga. Tuna wanafunzi 40 wa kidato cha pili na Coaster mbili za kukodi. Mkuu wa shule anataka Mikumi kwa sababu ni lami mwanzo mwisho. Mimi nataka Ruaha. Nani yuko sahihi?

Kamwene Mwalimu. Mkuu wako yuko sahihi kuhusu lami, wewe uko sahihi kuhusu mengine.

Mikumi barabara kuu ya kutoka Zambia kwenda Dar inaipasua kwa kilomita kama 50, kwa hiyo hata abiria wa basi anaona twiga na swala kwa nauli yake ileile. Watoto wako wengi wameshapita pale, au watapita siku wakienda chuo. Sasa mzazi umchangishe fedha kwa kitu ambacho mwanawe atakiona bure dirishani? Najua, uwanda wa Mkata ulio ndani ya hifadhi ni habari nyingine, na simba wapo. Lakini kwa mtu wa Mafinga msimamo wangu ni huo.

Ruaha haiko njiani kwenda popote, lazima uifuate. Kutoka Iringa mjini hadi getini ni zaidi ya kilomita 100, unapita Kalenga, Idodi na Tungamalenga. Ulizia hali ya barabara wiki hiyohiyo kabla hujalipa Coaster, usitegemee maneno ya mwaka jana. Kalenga msimame nusu saa kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Fuvu lake liko pale, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwalimu wa historia atakushukuru.

Jambo moja msilifanye: kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Shule nyingi zinafanya hivyo na matokeo yake watoto wanafika getini saa 5, jua kali, simba kalala kichakani, tembo kajificha kivulini, wanazunguka mpaka saa 9 wakiangalia mibuyu, halafu wanarudi wamelala vinywa wazi. Kibali cha kuingia kinahesabiwa saa 24. Ingieni saa 8 mchana, mlale humohumo hifadhini, na mtakuwa mmepata jioni moja na asubuhi moja kwa kiingilio kimoja. Wanyama wanaonekana jioni na alfajiri. Magari yanaruhusiwa kutembea kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni, basi saa 12 kamili muwe mmeshawasha. Malazi ya bei ya chini yapo eneo la Msembe, ila yanajaa msimu wa likizo. Andika barua yenye muhuri wa shule mapema, na malipo msibebe taslimu, yanafanyika kwa namba ya malipo wanayokutengenezea.

Mkifika mto Mwagusi, mwambie dereva azime injini. Kiangazi mto huo ni mchanga mtupu, unaweza kudhani ni barabara. Tembo jike anakuja, anapima kwa mkonga, anachimba kwa mguu wa mbele, anatoa mchanga kwa mkonga mpaka shimo linakuwa na kina cha kutosha. Halafu anasubiri. Maji yanajikusanya kidogokidogo, yamechujwa na mchanga, naye anavuta kwa ncha ya mkonga kama mtu anayekunywa chai ya moto. Mtoto wake anasukumasukuma, na pembeni swala pala wanangoja zamu. Kama darasa lako litaweza kukaa kimya dakika 20 hapo, hilo somo la maji ya ardhini hutalifundisha tena kwa ubao.

Na kuhusu kukaa kimya: nusu ya wanafunzi watakimbilia dirisha la upande wa mnyama na Coaster italala upande. Wapange kabla. Upande wa kushoto ukiangalia, wa kulia unakaa.

Shikamoo Mzee. Tunafunga ndoa Agosti, tunaishi Mbeya. Mchumba wangu amesikia kuna utalii wa kutembea kwa miguu kati ya simba, bila gari. Anautaka. Mimi nikiona mbwa wa jirani navuka barabara. Tufanye nini?

Marahaba, binti yangu. Hongereni.

Utalii huo upo, Ruaha unafanyika, lakini mchumba wako kausikia nusu. Hutembei "kati ya simba". Unatembea alfajiri, kikundi kidogo, mstari mmoja, mbele kuna askari wa hifadhi mwenye bunduki, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha hamkutani na simba kabisa. Nimewapeleka wageni wengi mahali pa kuanzia matembezi nikabaki na gari, na nimetembea nao pia. Askari ana mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa majivu. Anautikisa. Majivu yanaelea upande mmoja, naye anabadilisha njia bila kusema neno, kwa sababu upepo umeshaipeleka harufu yenu kwa nyati aliyemwona yeye peke yake. Mkifika kichaka kinene anazunguka mbali. Akiinua mkono mnasimama, hata kama umeinua mguu kukanyaga. Sheria iliyobaki ni moja: lolote litokee, usikimbie.

Wanyama mtaona wachache kuliko mngeona garini, na hili kampuni nyingi hazilisemi zikishapokea fedha. Nyati anayekuacha umsogelee na Land Cruiser, akiwaona watu wamesimama wima kwa miguu anaondoka angali mbali. Mnachopata ni vitu vingine: unyayo wa chui juu ya unyayo wa gari lililopita jana jioni, kinyesi cha fisi kilichokuwa cheupe kwa sababu ya mifupa, magamba ya mbuyu aliyoyachuna tembo. Mtu mwenye haraka ya kupiga picha atachoka baada ya saa moja. Mchumba wako ni mtu wa namna gani? Wewe unamjua.

Agosti ni mwezi mzuri. Nyasi zimelala. Wakati wa mvua nyasi zinampita mtu urefu na hakuna askari mwenye akili atakayewapeleka. Vaeni kaki au kijani kilichofifia. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi.

Kwa ajili yako wewe, Udzungwa. Hifadhi hiyo haina barabara ndani, kila kitu ni miguu. Kutoka Iringa mnashuka hadi Mikumi mjini, mnakunja kulia njia ya Ifakara mpaka Mang'ula. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 na njia ya kuyafikia inapanda ndani ya msitu wenye kivuli. Huko kuna mbega mwekundu wa Iringa, na kuna mangabei wa Sanje, kima ambaye wanasayansi walikuwa hawamjui mpaka mwaka 1979. Tembo wapo pia, sitaki uniite mwongo, na chui. Lakini mtakuwa na mwongozaji, na sijamwona bibi harusi aliyerudi analia isipokuwa kwa malengelenge ya viatu vipya. Viatu vya harusini na vya Sanje visiwe jozi moja.

Mkiwa na fedha zaidi na pasi za kusafiria, vukeni Tunduma mkatafute South Luangwa huko Zambia. Matembezi ya namna hii yalianzia kule, Norman Carr akiwatembeza wageni porini wakati wengine bado wanadhani mtalii hawezi kushuka garini.

Shikamoo Baba. Wazazi wangu wanaishi Njombe, wamestaafu. Baba magoti yanamsumbua. Mama anapenda maua na amesema wazi hataki kulala mahali ambapo simba ananguruma. Wapo wa kupelekwa popote?

Marahaba. Kitulo. Ungeniuliza mwaka mzima ningekujibu hivyohivyo.

Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, kilomita za mraba zipatazo 413, uwanda wa juu kabisa, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Haina simba wala tembo. Ina maua ya porini aina 350 hivi, okidi peke yake zinafika 45, na ndege ambao wazungu wanavuka bahari kuja kuwaangalia. Mama yako atakuwa amefika.

Shida ni kwamba maua na matope vina ratiba moja. Maua yanachanua Desemba hadi Aprili, na hiyo ndiyo mvua yetu. Ukienda Agosti barabara ni kavu, anga ni safi, na mama ataona nyasi za kahawia. Ukienda Februari ataona okidi na wewe utaona tope. Mimi ningechagua tope. Kutoka Njombe mpite njia ya Makete. Wanaotokea Mbeya wanapandia Chimala kwenda Matamba kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, na hizo ndizo kona zake, hesabuni wenyewe. Mzee mwenye presha asipelekwe kule juu kabla hajamwona daktari, mwinuko ule si mchezo, na kwa njia ya kona mpe dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda.

Maua mengi ya Kitulo yako chini ya goti. Ukisimama wima unaona kijani kibichi na rangi mbilimbili. Ukiinama ndipo unaona kwamba kila hatua moja kuna okidi tofauti, nyingine ina ua dogo kuliko kucha. Kwa magoti ya baba chukua kigoda. Aketi, mwende mbele, aketi tena. Makoti mazito mchukue hata kama Njombe mnajiona mmezoea baridi.

Na mtu akiwauzia chikanda njiani msinunue. Ni viazi vya okidi hizohizo, vinachimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kuliwa, na shimo linalobaki halioti kitu.

Mzee habari. Niko Iringa, nimemaliza chuo cha utalii. Nimepata mgeni Mjerumani, ananiuliza tofauti ya lodge, kambi ya mahema na kujipikia mwenyewe Ruaha. Nimemjibu "tofauti ni bei". Hakuridhika.

Kweli hakuwa na sababu ya kuridhika, mwanangu. Bei ni matokeo. Mwambie hivi.

Lodge ina ukuta, na ukuta unakutenga na sauti. Kambi ya kudumu ya mahema ina kitanda, choo na maji ya moto, ila kati yako na fisi kuna turubai tu, na usiku unasikia kila kitu mpaka tumbo la tembo linavyounguruma. Zina gharama kubwa kwa sababu kila nyanya, kila lita ya dizeli na kila shuka linatoka mjini, na wageni wengi wanakuja kwa ndege ndogo hadi uwanja wa Msembe. Kujipikia ni kupiga hema lako kwenye eneo la kambi la hifadhi. Hakuna uzio. Ni rahisi kwa fedha na ghali kwa umakini.

Mgeni wako akichagua hilo la tatu, umakini unakuwa wako. Usiache matunda ndani ya hema. Tembo ananusa chungwa kupitia zipu iliyofungwa, na hataomba. Viatu viingie ndani, fisi anatafuna ngozi. Sufuria zioshwe usiku uleule. Akitaka kwenda haja usiku amulike kwanza pande zote akiwa mlangoni, akiona macho yanarudisha mwanga arudi akalale. Mgeni aliyezoea kambi za Ulaya atadhani unamtisha.

Halafu muulize kama amewahi kwenda hifadhi za Kruger, Afrika Kusini, au Etosha, Namibia. Wajerumani wengi wamewahi. Huko mtu anakodi gari dogo, anaendesha mwenyewe kwenye barabara nzuri, na kwenye kambi ya Okaukuejo, ndani ya Etosha, anakaa kwenye benchi usiku akiangalia kifaru akinywa maji chini ya taa. Kama kichwani ana picha hiyo, mwambie mapema kwamba Ruaha hakuna kifaru, hakuna benchi, na gari lazima liwe linaendeshwa na magurudumu yote manne na matairi mawili ya akiba. Badala yake atapata tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, atapata korongo na palahala, wale swala wakubwa wenye pembe, akiwa na subira, mbwa mwitu akiwa na bahati, na saa nzima bila kuona gari jingine. Mteja anayejua atakachokosa hakusumbui.

Mzee wetu, ugonile. Tukuyu huku tunabishana. Je, Tanzania kuna sokwe wale wakubwa, gorila? Na kama hakuna, mtu wa kawaida anaweza kwenda kuwaona?

Ugonile. Hakuna. Gorila wa milimani wako Uganda, Rwanda na Kongo tu. Sisi tuna sokwe mtu, Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kwenda inawezekana, lakini ni aina ya utalii unaolipia saa moja. Mnapanda mlima tangu asubuhi, wakati mwingine saa kadhaa kwenye tope na majani yanayowasha, mkiwakuta mnapewa dakika 60, saa inahesabiwa, mnaondolewa. Rwanda kibali cha mgeni wa mbali ni dola 1,500 tangu mwaka 2017. Raia wa Afrika Mashariki anapunguziwa sana, Rwanda na Uganda, kwa hiyo usiikubali bei ya kwanza utakayotajiwa. Aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi, na mwenye mafua anarudishwa, kwa kuwa ugonjwa wetu mdogo unaweza kuua kundi zima.

Ila ninyi wa Tukuyu mnanishangaza. Kwenye msitu wa mlima Rungwe, juu ya migomba yenu, yuko kipunji, aina ya kima. Wanasayansi walimgundua mwaka 2003, wakati wazee wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote, na jina hilohilo ndilo dunia inalitumia. Hapatikani nchi nyingine yoyote. Anzeni na huyo. Mwombe kibali na mwongozaji kwa wahifadhi wa msitu, mwende asubuhi, msikilize mlio wake wa ajabu, kama honi inayobweka. Kumwona si uhakika.

Mimi mkulima wa mpunga Mbarali. Natamani utalii wa boti, nimwone kiboko nikiwa majini. Niende Ruaha?

Ndugu yangu, Ruaha utakuta kiboko amebanwa kwenye dimbwi na boti haina pa kuelea. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, mto uliokuwa hausimami. Maji yanapita kwenu kwanza, Usangu, yanaingia mashambani na kwenye bonde la Ihefu, na mwaka 2008 bonde hilo likaingizwa ndani ya hifadhi kwa sababu hiyo. Sikulaumu. Nami nala wali wa Kyela na wa Mbarali, na sijui kuula bila maji. Lakini ukienda Septemba kuwaona wale viboko walivyorundikana mgongo kwa mgongo, utafunga mfereji wako vizuri zaidi ukirudi.

Boti ifuate Hifadhi ya Nyerere, kwenye mto Rufiji, ambako maji ya Ruaha yanaishia baada ya kupita mabwawa ya Mtera na Kidatu. Unakaa chini, karibu na maji, kiboko anaibuka na kupumua upande wako, mamba anateleza kutoka ukingoni. Boti ya injini na mwenyeji anayeijua mikondo. Mitumbwi ya kasia kati ya viboko, kama wanavyofanya hifadhi ya Mana Pools, Zimbabwe, kwenye mto Zambezi, ni ya watu wenye roho nyingine. Okavango kule Botswana wanakusukuma kwa upondo kwenye maji ya kina kifupi, unapita kati ya matete, ni pole na ni bei ya kuuza ng'ombe kadhaa.

Mzee, Tunduma hapa. Ninaweza kuingia hifadhini na bodaboda yangu?

Hapana. Simba hajui kwamba una kofia ngumu.

Panda basi la Sumbawanga, uunganishe la Mpanda. Barabara hiyo inapita ndani ya Hifadhi ya Katavi, na kabla hujafika Mpanda kuna kijiji kinaitwa Sitalike, mto Katuma unapita hapo na viboko wanaonekana ukiwa darajani. Shuka hapo. Nyumba za kulala wageni zipo, na ofisi ya hifadhi iko jirani, waulize gari la kukodi na mtafute wenzenu wanne au watano mchangie, peke yako itakuumiza. Nenda mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba. Usishuke kwenda ukingoni mwa mto jioni hata kama watoto wa pale wanashuka.